Mtoto Akirudi Msafi

Siku niliyokabidhi ufunguo wa kituo cha watoto, jirani mmoja alinisimamisha njiani. "Konso, nasikia umestaafu. Umestaafu nini na wewe bado mbichi? Si ulikuwa unacheza tu na watoto?"

Nilikuwa na mtoto mgongoni, beseni kichwani, na hasira mpaka kwenye kucha. Sikumjibu. Nawajibu ninyi, Selina na Agripina, mnaobaki pale Maguu, na wengine mtakaokuja baada yenu, kwa sababu swali hilo mtaulizwa mpaka mchoke. Ndiyo, nilikuwa nacheza. Nimecheza tangu nilipotoka sekondari mpaka mgongo ukaanza kunisemesha kila ninapoinama. Mtu aliyekaa miaka na watoto wa miaka miwili, kundi zima, wote wanataka kikombe kilekile chekundu, huyo amefanya kazi. Akisema amestaafu, mpisheni apite.

Mambo ya nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitayaandika. Hakuna aliyepanda, labda juu ya kiti kubandika picha ukutani.

Nilianza nikiwa msichana, cheti cha kidato cha nne bado kinanuka wino. Kituo kilikuwa chumba kimoja, zamani ghala la kahawa, na mpaka leo ukiegemea ukuta wa nyuma wakati wa mvua unaisikia harufu yake. Nilipewa vitu viwili: chaki na fimbo. Watoto walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi ya watu wazima, miguu inaning'inia, mikono wameificha kwapani kwa baridi ya mwezi wa sita, wanaimba a, e, i, o, u huku makamasi yanashuka. Wadogo walikuwa ndiyo kwanza wameachishwa kunyonya. Mmoja alisinzia akaanguka chini kama gunia. Alilia, nikamrudisha, akasinzia tena, akaanguka tena. Jioni nilimwambia mama yangu nimepata kazi ya kuokota watoto sakafuni.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuja baadaye, Mwalimu Mwanaidi, mtu wa Tanga, mume wake mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu. Aliingia amevaa baibui, juu ya baibui sweta, juu ya sweta koti la mume wake, na bado anatetemeka. Alisimama mlangoni akatuangalia wimbo mzima.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hawa watoto mikono yao mmeifunga?"

"Hatujaifunga, Mwalimu."

"Basi mbona haina kazi?"

Kesho yake alitoa mabenchi yote nje. Akaweka beseni kubwa katikati ya chumba, akamimina maji ya vuguvugu, akatupa humo vikombe vya plastiki alivyovitoboa chini kwa msumari wa moto. Hakutoa maelezo yoyote. Watoto walisogea mmoja mmoja kama kuku wanaokaribia unga. Mmoja akainua kikombe, maji yakatoka chini kama mvua, akaweka kiganja chake hapo. Baada ya hapo chumba kizima kikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo na sikuwa na wa kumnyooshea.

"Mtoto wa umri huu anasoma kwa ngozi," Mwalimu Mwanaidi aliniambia tukikausha sakafu. "Atashika, atanusa, atatikisa, atalamba ukigeuka. Wewe kazi yako umwekee kitu cha kushika, ukae karibu, na ufunge mdomo. Mdomo ndiyo kazi ngumu, Konsolata. Wewe unao mrefu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli na sikulipenda.

Ile fimbo tuliikata vipande, tukavipiga msasa, watoto wakavigonganisha kama ngoma. Mpaka leo vipo kwenye lile kopo la rangi. Mkiulizwa fimbo ya kituo iko wapi, waonyesheni.

Sasa vifaa. Watu wanadhani michezo hii ya kugusa na kunusa inataka vitu vya dukani. Waacheni wadhani hivyo. Sisi tulikuwa na maganda ya kahawa, yale makavu yanayobaki kahawa ikishakobolewa, mepesi, yanachakarika ukiyatia mkono. Mtoto akizika mguu wake humo anakaa hapo mpaka uji. Tulikuwa na udongo mwekundu, tulioutwanga na kuuchekecha wenyewe, maana mawe madogo yanaingia masikioni. Tulikuwa na chupa za maji za plastiki, moja ina mchanga, moja ina kokoto, moja ina maharage, vifuniko vimebanwa na gundi na juu yake utepe. Mtoto anatikisa, anasikia tofauti. Gundi kila wiki ikaguliwe. Na majani ya kusugua na kunusa: mchaichai, mkaratusi, mpera. Funga kila aina kwenye kitambaa, waache wabishane. Watoto wetu wa miaka mitatu walikuwa wanatambua mchaichai macho yamefumbwa wakati watu wazima wanashindwa kutambua maziwa yaliyoharibika.

Mchanga ndio uliotutoa jasho. Huku juu milimani hatuna mchanga mzuri. Mchanga mzuri uko ziwani, Mbamba Bay, mweupe, laini, umeoshwa na mawimbi. Mchumba wangu Edgari, ambaye baadaye tulifunga ndoa, alikuwa fundi wa injini za boti huko, nikamwagiza. Akamwomba dereva wa lori la samaki apandishe magunia mawili. Vizuri. Ila mwanaume ni mwanaume: aliujaza mchanga kwenye magunia yaliyotoka kubeba usipa, wale dagaa wa ziwani, bila hata kuyakung'uta. Tulipoumimina kwenye sanduku kituo kikanuka soko zima. Hata hivyo watoto walifurahi mno. Asubuhi ya pili nilikuta paka wa Maguu yote wamekaa ndani ya sanduku, wengine sijawahi kuwaona, wanachimba kama wana kibarua. Tuliosha mchanga ule ndoo kwa ndoo na kuuanika, na tangu hapo sanduku lina kifuniko. Mkijiuliza kwa nini kifuniko kile ni kizito vile, ni kwa ajili ya paka.

Jambo moja niligombana na Mwalimu Mwanaidi na nikashinda. Aliwahi kuweka unga wa mahindi kwenye sinia, watoto wachore kwa vidole. Ilikuwa miezi ile ghala za nyumbani zimebaki sakafu. Bibi mmoja alikuja kumchukua mjukuu wake, akaona unga kwenye nywele za watoto, akasimama hapohapo. Machozi yalimlenga. Nilimvuta Mwalimu pembeni. "Mwalimu, huku chakula hakichezewi. Tutafukuzwa, na watakuwa na haki." Hakubisha. Alichukua ufagio mwenyewe. Tangu siku ile hakuna unga, hakuna mchele, na maharage yanakaa ndani ya chupa zilizofungwa, basi. Mtu yeyote akija na kitabu kinachosema mmwage chakula mezani, mshukuruni na mrudishieni kitabu chake.

Kisha mume wa Mwalimu Mwanaidi akahamishwa tena, wakarudi pwani. Aliniachia mabeseni na namba ya simu.

Sasa nifike kwa Beno, mwanangu wa kwanza, maana huyo ndiye aliyenifundisha nilichokuwa nadhani nakijua. Alikuwa mtoto mzuri, mnene, mcheshi, lakini hagusi. Ukimweka kwenye nyasi anakunja miguu juu kama umemweka kwenye moto. Udongo ukimrukia anapiga kelele mpaka majirani wanakuja. Maji aliyakataa kwa sababu yalikuwa yanamfuata kwenye mkono. Na chakula, ugali hakuushika kabisa. Alikula kwa kijiko, na kijiko kikichafuka mpini kilibadilishwa.

Kwenu wengine kijiko ni kitu kidogo. Kwa mama mkwe wangu watoto wote wa ukoo wanakula sinia moja, wamezunguka, wananyoosha mikono. Beno alikuwa anakaa peke yake kwenye kigoda, mgongo ukutani, na bakuli lake. Binamu zake walimwita Mzungu. Alikuwa anawaangalia wakigombania kipande cha mwisho cha samaki, na uso ule wa mtoto wangu nilikuwa nauona hata nikifumba macho. Nilitaka kitu kimoja tu: akae pale kwenye sinia. Basi.

"Mtoto asiyegusa udongo, huku kwetu ataishi vipi?" mama mkwe aliniuliza kwa Kimatengo, na sauti yake ilifika mpaka kwa jirani. "Wewe unawachezesha wa wenzako, wako unamshinda."

"Mama, ndiyo kwanza ana miaka mitatu."

"Baba yake kwa umri huo alikuwa anakula udongo."

"Ndiyo maana hasikii akiambiwa akung'ute magunia," nikasema. Alicheka bila kutaka.

Alishauri nimpeleke akaombewe. Nilimpeleka. Akaombewa, akarudi na kijiko chake. Nikampigia Mwalimu Mwanaidi.

"Usimlazimishe hata siku moja," akasema. "Ukimshika mkono ukautumbukiza kwa nguvu, umeufunga mwenyewe. Tafuta anachokipenda, kiwe chochote. Anza hapo."

Nilitafuta. Nilimpa udongo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, aubinye kwa nje. Aliubinya mara moja akaniangalia kama nimemtukana. Nikampa brashi, nikampa kijiti. Kijiti alikikubali. Alichora chora na kijiti mpaka kipande kilipokatika akabaki na kifupi, akakitupa.

Aliyegundua alikuwa mama mkwe, na hakujua kwamba amegundua. Ilikuwa msimu, kahawa imemenywa, imeoshwa, imetandazwa juani kwenye kichanja. Anayeanika lazima aigeuzegeuze kwa mikono mchana kutwa. Nilimwachia Beno nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta mwanangu amesimama juu ya kindoo kilichopinduliwa, mikono yote miwili imezama kwenye kahawa mpaka kwenye kifundo, ametulia, macho ameyafumba nusu.

Niliogopa hata kuweka ndoo chini.

"Anasema ina joto," mama mkwe akasema, anaendelea kugeuza zake. "Mwache anisaidie. Wewe unasimama nini hapo?"

Joto. Maji ya watoto tulikuwa tunayapasha tangu enzi za Mwalimu Mwanaidi, lakini udongo nani angefikiria kuupasha? Huku kwetu asubuhi udongo ni baridi kama bati. Mtoto wangu alikuwa anaumia, siyo anadeka. Kuanzia siku hiyo nilianika mchanga wa ziwa kwenye bati juani kabla hajafika kituoni, mkavu, wa moto kiasi. Wiki ya kwanza aliweka kidole, halafu kiganja. Baadaye nikaanza kunyunyizia maji kidogo, tone tone, kama unayekanda unga. Ilikuwa kazi ya polepole mno na sikumwambia mtu. Asubuhi anikunjie mikono, mchana anipe kidole kimoja, nami nishangilie kimoyomoyo huku nafuta pua za wengine. Andikeni hilo mahali: kabla hamjasema mtoto ni mkaidi, guseni ninyi kwanza mnachompa.

Hapo ndipo Mama Festo alipotaka kuniharibia kila kitu.

Mama Festo mnamjua, sauti yake inafika mpaka kijiji cha Mbuji bila simu. Alikuwa na duka pale barabarani na mtoto wake Festo alikuja kituoni kila siku na shati jeupe. Jeupe! Shati jeupe kwenye udongo mwekundu, halafu jioni lawama. "Nimemleta asome, mnanirudishia tofali." Nilimpa Festo aproni ya gunia, akaivua. Nikamwambia mama amvalishe nguo ya zamani. "Mwanangu hana nguo ya zamani," akanijibu mbele za watu.

Siku moja Festo aliingiza harage puani. Harage lile halikuwa la kwetu. Ya kwetu yalikuwa kwenye chupa na chupa zilikuwa nzima, niliwaonyesha wote. Alikuja nalo mfukoni, alilichukua kwenye mkeka wa mama yake wa kuanikia. Nilipoliona limeshaingia ndani nikambeba mbio mpaka zahanati, na mama yake nyuma yetu analia na kunitukana kwa zamu. Muuguzi alikuwa mtulivu. Alimwambia Mama Festo azibe tundu la pua lililo wazi kwa kidole, aweke mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto kama anambusu, apulize mara moja kwa nguvu. Akapuliza. Harage likatoka kama risasi, likampata Mama Festo shavuni.

Ningeomba Mungu anisamehe kwa kucheka, ila sijutii. Na msichokonoe kamwe kwa kijiti wala pini ya nywele, mnalisukuma ndani. Mkimbizeni zahanati.

Lakini harage lile lilinigharimu. Mama Festo alizunguka nyumba kwa nyumba akisema: Watoto wetu wanachezeshwa matope, wenzao wa mjini wanasoma. Watakwenda shule hawajui hata kushika kalamu. Huyo Konso wa kwake mwenyewe hagusi udongo, anafanyia majaribio wa kwetu. Hilo la mwisho liliniingia kama mwiba. Kamati ya kituo ikaitisha mkutano wa wazazi. Mwenyekiti, Mzee Otmari, mtu mpole asiyependa makelele, alinipa taarifa akiangalia viatu vyake: masanduku na mabeseni yatolewe, mabenchi yarudi. Mkutano ulikuwa wa kupitisha tu.

Nilihesabu kilichokuwa kinaondoka. Beno alikuwa amefika kwenye mchanga wenye unyevu. Mkononi tu, hajafika kwenye sinia. Mabenchi yakirudi anarudi kwapani na mikono yake. Nyumbani ningemfundishia wapi na saa ngapi, na mimi natoka asubuhi nakaa mchana kutwa na wa wenzangu? Usiku ule, nawaambieni ukweli, nililia kwa hasira, halafu nikanyanyuka nikatafuta mbao.

Asubuhi ya mkutano, kabla wazazi hawajafika, tulimwaga udongo kwenye sanduku refu nje, tukauinamisha kama mlima wa kwetu ulivyo. Nilikata nyasi nikaziacha pembeni. Udongo niliuacha juani. Watoto wa miaka minne nikawapa vijiko. Sikuwaambia kitu. Hawa ni watoto wa Umatengo, wamebebwa mgongoni shambani tangu wachanga. Wakaanza kulaza nyasi mistari, mistari ikakatana ikafanya vyumba, wakaanza kutoa udongo katikati na kuufukia juu ya nyasi. Walikuwa wanalima ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia maji yasibebe udongo wa mlimani. Mashimo yao yalikuwa ya hovyo, ila yalikuwa ngolo.

Wazazi wakaketi ndani. Mama Festo akasema yake, marefu. Mzee Otmari akauliza kama kuna mwenye neno.

"Ninalo," nikasema. "Kabla hamjatupa, njooni nje muone mnachotupa. Mkishaona, pigeni kura."

Wakatoka kwa shingo upande. Nilimpa mtoto mmoja kopo lenye matundu, nikamwambia, "Nyeshea." Akanyeshea. Maji yakashuka juu ya mlima wetu, yakaingia shimo la kwanza, yakatulia. Yakaingia la pili, yakatulia. Wazazi wakasogea. Kwenye shimo la tatu ukingo ulikuwa mwembamba, maji yakaanza kupasua.

Sasa nawaambia kitu kuhusu watu wa kwetu. Mmatengo anaweza kuvumilia mengi, anaweza kuvumilia hata mkutano, lakini hawezi kuona ngolo mbaya akanyamaza.

"Hapana, hapana, hapana," Mzee Otmari akasema. Akapiga goti. "Nani amelaza nyasi hivi? Zinalazwa ukubwa huu."

"Mwenyekiti, acha, kulaza nyasi kazi yenu wanaume, kufukia kazi yetu wanawake," mama mmoja akasema, tayari ameshachuchumaa. "Huu udongo mmeuweka kidogo. Toeni katikati!"

"Wewe ambaye shamba lako lilibomoka mwaka jana unamfundisha nani?" mwingine akadakia.

"Lilibomoka kwa sababu ya mume wangu!"

Wakaingia wote. Mikono, viwiko, vitenge vya kanisani. Watoto walikuwa wanaagizwa huku na kule, leta nyasi, leta maji, siyo hapo, hapo. Mama Festo alisimama peke yake mikono kiunoni kwa muda wa kutosha, halafu akasema, "Yaani hakuna hata mmoja anayeona ukingo ule wa juu unavuja?" Akavua viatu.

Mama mkwe wangu alikuwa upande wa chini kabisa wa sanduku, kwenye ukingo wa mwisho, na maji yalikuwa yanakuja. Beno alikuwa pembeni yake, kijiko mkononi, anaangalia.

"Beno!" akampigia kelele. "Udongo! Leta udongo, maji yanapita!"

Mwanangu aliangalia maji. Aliangalia kijiko. Akakitupa. Akazamisha mikono yote miwili kwenye udongo ule mwekundu, wenye joto la jua, akabeba rundo kubwa kuliko kifua chake akalibwaga kwenye ufa. "Lete tena!" Akaleta tena. Na tena. Maji yakasimama.

Halafu akaona mikono yake. Aliiangalia juu, akaigeuza, akaangalia chini. Kisha akanijia moja kwa moja, akaifuta kwenye sketi yangu nzuri ya mkutano, vizuri, kidole kwa kidole, akarudi kuchukua udongo mwingine.

Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanabishana juu ya nyasi. Niliona mimi. Nilisimama pale na viganja viwili vyekundu kwenye sketi na sikutaka mtu anisemeshe.

Mwishowe mtu akakumbuka. "Mwenyekiti, na ile kura?"

Mzee Otmari alinyanyuka, matope mpaka kwenye viwiko. "Kura ya nini?" akasema. "Leteni maji ya kunawa. Ya vuguvugu, kama yapo."

Kura ile haijapigwa mpaka leo. Yale mabenchi tuliyapasua tukatengeneza sanduku la pili.

Jumapili iliyofuata tulikula kwa mama mkwe. Ugali na usipa. Watoto wakazunguka sinia. Beno alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, nikaenda kuchukua kijiko jikoni, na niliporudi kigoda kilikuwa kitupu. Alikuwa amejipenyeza kati ya binamu zake wawili. Alimega ugali, akausokota vibaya sana, tonge lina pembe nne, akachovya, akala. Binamu yake mkubwa akamwambia, "Mzungu, sogea, unanibana." Akamjibu, "Sogea wewe."

Nilibaki nimesimama na kijiko.

"Nilisema mimi," mama mkwe akasema, anatoa mwiba wa samaki mdomoni. "Huyu alihitaji ngolo tu. Nyinyi mnahangaika na mabeseni."

Hasira ilinipanda, nikaimeza kwa furaha. Nilikaa nikala. Ugali haujawahi kuwa mtamu vile, na nilikuwa nimeupika mimi.

Sasa Beno yuko shule, anashika kalamu kama wengine na kwenye kulima hasifiwi wala halaumiwi. Mimi naondoka. Edgari ameniita ziwani tuishi pamoja kama watu waliofunga ndoa, na mtoto wa tatu yuko njiani. Mgongo umesema basi. Wenzenu wa huko Mbamba Bay wana mchanga wote wa dunia mlangoni na watoto wao wamekalishwa kwenye mabenchi, nimeshawaona. Lakini hilo si la leo.

La leo ni hili. Nilipomwacha yule jirani njiani nilirudi getini kuchukua mfuko niliousahau, na nani anakuja mbio kutoka dukani? Mama Festo. Amemshika mkono kitinda mimba wake, Rozi, wa miaka mitatu. Uso umevimba kwa hasira.

"Konso! Usiondoke kwanza! Selina naye aje asikie."

"Kuna nini tena, Mama Festo?"

"Mwanangu jana amerudi msafi."

"Msafi?"

"Msafi! Gauni liko kama lilivyotoka asubuhi. Kucha nyeupe. Nimemnusa mikono, hainuki hata jani. Nimemwita hapa nimemuuliza, ulishika nini leo, anasema hakushika kitu." Akamgeukia Selina aliyekuwa mlangoni. "Mnamfanya nini mchana kutwa, mnamwangalia tu?"

Selina, unakumbuka ulivyobabaika. Mvua ilinyesha, mkawakalisha ndani mkaimba. Hukujitetea. Uliingia ukatoka na beseni, na Mama Festo mwenyewe akamvua Rozi viatu.

Wengine wakistaafu wanaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Mimi niliagwa na mwanamke yule, kwa sauti ile, kwa kosa la mtoto kurudi nyumbani msafi. Sibadilishani na mtu.